Wakili wa Pande Mbili za Meza

Zéphirin Kunda alipouona ule mkono uliofungwa bendeji ukivuka njia ya Kamalondo, hakuona damu wala maumivu, wala hakuona baba wa watoto watatu. Aliona mteja.

Ilikuwa Jumamosi saa saba mchana, mwaka wa hamsini na mbili, na Zéphirin alikuwa amekaa mahali pake pa kila siku, kwenye benchi la fundi cherehani, akisoma gazeti la wiki iliyopita kwa sauti ili wapita njia wajue kwamba hapa kuna mtu anayesoma. Suti yake ilikuwa ya kijivu. Viatu vyake vilikuwa viwili na vilifanana, jambo ambalo si kila msomi wa Élisabethville angeweza kujidai nalo. Mfukoni kifuani alichomeka kalamu tatu, moja ikiwa na wino.

Sheria alikuwa ameisomea mahakamani kwa miaka sita, kwa ufagio. Alifagia korido za mahakama ya Wazungu, na katika kufagia akaokota maneno yaliyodondoka midomoni mwa mawakili: *attendu que, considérant que, sous toutes réserves*, yaani kwa kuwa, kwa kuzingatia, bila kujifunga. Hakujua sentensi hizo huishia wapi, lakini alijua zinaanzia wapi, na mtu anayeanza vizuri mara nyingi haulizwi mwisho. Alifukuzwa kwa ajili ya mwavuli wa jaji, ambao mpaka siku hiyo alisisitiza kwamba ulimfuata wenyewe.

"Tata, unisamehe," akamwita mwenye bendeji. "Ule mukono, ni ku kazi njo ulipata vile?"

Yule mtu akasimama. Aliitwa Léonard Kapinga, mtu wa Kasai, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuwapo. Miaka saba alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha magodoro cha Bwana Verlinden.

"Ni mashini, Monsieur. Ile ya kuchambula sufi. Ilinikula bidole mbili, siku ya tatu ya juma."

"Na muzungu yako alisema nini?"

"Alikuja mbio. Akaangalia. Akasema mashini iko muzima."

Zéphirin akakunja gazeti taratibu, kama padri anayefunga misale. Akauliza mengine, na mengine yalikuwa matamu zaidi. Kapita, msimamizi wa kiwanda, alikuwa amekwisha kumwambia Léonard kwamba mwisho wa mwezi buku yake ya kazi itafungwa, kwa maana mtu wa vidole vinane hachambui sufi ya vidole kumi. Na kila mtu alijua maana ya buku kufungwa. Mtu mweusi asiye na kazi mjini hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, angempakia kwenye gari moshi na mke wake, watoto wake na masufuria yake, arudi Kasai, ambako nyumba ya baba yake ilianguka kabla ya vita.

"Tata Léonard," Zéphirin akasema, na macho yakamlowa kweli, kwa sababu kazi hii aliipenda, "weye hauna mukono mugonjwa. Weye uko na dossier."

Léonard, asiyejua kwamba dossier ni jalada la kesi, akauangalia mkono wake kwa hofu, kana kwamba daktari alikuwa amemficha kitu.

Jioni ile ile Zéphirin alikuwa ameketi uani kwa Kapinga, mbele ya sahani ya bukari, ugali wa huko, na samaki, akiwaeleza wafanyakazi kumi na wanne wa kiwanda habari za Maître Pirlot. Maître Pirlot alikuwa wakili mkubwa kuliko wote mjini, Mbelgiji mwenye ndevu nyekundu, anayewapenda weusi kwa siri. Yeye Zéphirin alikuwa mwakilishi wake katika mambo ya kazi. Kasoro ndogo ya Maître Pirlot, ambayo Zéphirin hakuona haja ya kuitaja, ni kwamba hakuwapo duniani.

Mke wa Léonard alikuwa amekaa pembeni akishona kola ya shati. Aliitwa Adolphine, mtu wa kaskazini ya Katanga, aliyesomeshwa na masista wa misheni mpaka siku waliyoona anauliza maswali mengi.

"Ule Maître," akauliza bila kuinua uso, "anaikala avenue gani?"

"Maître iko Ulaya, Mama. Alienda kupumuzika. Sheria inachokesha."

"Na atarudia lini?"

"Siku dossier itaiva."

"Ah. Sawa na maharagi."

"Njo vile, Mama. Sawa na maharagi."

Adolphine akakata uzi kwa meno. Zéphirin akamwona kuwa mwanamke mwepesi wa kuelewa, akamsahau. Wanaume wakakubaliana kwamba Maître Pirlot, mtu wa huruma, hataki malipo ya maskini, ila karatasi zake zina njaa. Kila Jumamosi karatasi zingekula kuku wawili, na unga kidogo kutoka posho ya kila mtu. Kuku wa kwanza walitoka uani hapo hapo, wakining'inia kichwa chini mkononi mwa sheria.

Mtapeli wa kawaida angeridhika. Lakini Zéphirin alikuwa na dhamiri ya kazi. Aliona si haki wafanyakazi wawe na mtetezi na mwajiri akose. Jumatatu asubuhi akapiga mswaki, akavaa ile suti, akaenda kiwandani kumtetea Bwana Verlinden.

Bwana Verlinden alikuwa mtu mfupi mwenye kitambi, mbahili wa aina ile ambayo ikipiga chafya husikitikia pumzi iliyopotea. Alikuwa ofisini, na sufi ilikuwa imemtua kwenye nyusi kama theluji ya kwao.

"Weye nataka nini?" akauliza kwa Kiswahili cha mabwana.

Zéphirin akajibu kwa Kifaransa cha korido. Akasema, *attendu que* mashine haina kifuniko. *Considérant que* wafanyakazi kumi na wanne wamepata wakili mweupe, mkali, mwenye ndevu nyekundu. Na kwamba, *sous toutes réserves*, wakili huyo anatafuta anwani ya mkaguzi wa kazi.

"Miye hapana ogopa avoka!" Bwana Verlinden akapiga kelele. Ilikuwa kweli. Mawakili hakuwaogopa. Lakini aliposikia neno mkaguzi aliinuka, akafunga mlango, akafunga na dirisha, ingawa joto lilikuwa la kuyeyusha mishumaa.

"Bwana," Zéphirin akasema kwa upole wa daktari, "mimi nawajua watu hawa. Ni watoto. Nipe mamlaka ya kusema nao kwa niaba yako, nami nitawabembeleza mpaka wachoke. Mwisho wa mwezi Kapinga atapanda gari moshi, na hakuna mkaguzi atakayesikia hata kikohozi."

Akatoa karatasi aliyokwisha kuiandaa. Alikuwa ameiandika kwa fahari, maana kadiri hati inavyokuwa kubwa ndivyo malipo yanavyokua: Bwana Kunda Zéphirin anakiwakilisha kiwanda katika mambo yote ya Kapinga Léonard, bila mpaka wala masharti, na neno lake ni neno langu, na sahihi yake ni sahihi yangu. Bwana Verlinden, aliyekuwa akisoma risiti za wengine kwa darubini, hati hii hakuisoma. Macho yake yalikuwa dirishani. Akatia sahihi, akapiga muhuri wa kiwanda mara mbili, wa pili kwa sababu wa kwanza aliupiga bila kuangalia.

Juu ya malipo walibishana saa nzima. Fedha Bwana Verlinden alikataa katakata. Mwisho wakapatana kwa kile kilichokuwapo: godoro moja kila wiki, la daraja la pili.

Hivyo ndivyo Zéphirin Kunda alivyokuwa wakili pekee wa Katanga yote asiyeweza kushindwa kesi, maana upande wowote ukianguka, yeye alikuwa amesimama upande wa pili. Asubuhi, akiwa Pirlot, alikiandikia kiwanda barua ya kuchoma. Mchana, akiwa kiwanda, alijibu kwa ghadhabu. Alijitukana kabla ya chai na kukasirika baada yake. Jumamosi aliwasomea wafanyakazi barua zote uani kwa Kapinga, na wanaume walipiga makofi, wakasema huyu Maître anajua kumtia muzungu pilipili. Léonard alitabasamu kila mara, akaushika mkono wake kifuani kama mtoto mchanga. Hili Zéphirin hakupenda kuliangalia. Alikodolea macho kuku.

Barua zikimalizika kusomwa, Adolphine aliziomba.

"Niziweke muzuri, Monsieur Zéphirin. Batoto watasoma siku moya."

"Ziweke, Mama. Ni historia."

Wiki ya tatu ilipofika, Zéphirin alikuwa analala juu ya magodoro matatu yaliyopangwa moja juu ya jingine, akipanda kitandani kwa kiti, na alikuwa amenenepa shingo. Mpaka mwisho wa mwezi zilibaki siku saba. Ndipo Adolphine alipomjia mwenyewe kwenye benchi la fundi, amevaa kitenge cha Jumapili.

"Monsieur Zéphirin, kuko mambo," akasema, akakaa. "Mu kikundi chetu cha bamama, banasema sana juu ya Maître Pirlot. Kuko boyi, kuko bapishi, kuko balinzi, bote bana shida na bazungu yabo. Nilibahesabu. Bantu makumi ine."

Zéphirin akahesabu naye. Dossier arobaini. Kuku themanini kwa wiki. Na mabwana arobaini, kila mmoja na chake: huyu viatu, yule sabuni, labda mmoja ana redio.

"Balete," akasema.

"Banaogopa. Banasema, barua ni maneno. Banataka kuona kwanza dossier moya yenye kuisha. Papier ya mapatano, yenye sahihi ya upande wa kiwanda na upande wa Léonard. Wakiiona tu kwa macho, wanakuja."

"Papier tu?"

"Papier tu. Nitaitundika ku kibambazi, karibu na Bikira Maria."

Zéphirin akafikiri kwa muda wa kutosha kuonekana amefikiri. Karatasi ni nini? Itaning'inia ukutani Kamalondo, mahali ambapo Bwana Verlinden hangekanyaga hata akilipwa. Ikifika mwisho wa mwezi, Léonard akipandishwa gari moshi, yeye Zéphirin atasema kiwanda kimevunja ahadi, na atakuwa na wateja arobaini wa kulia naye machozi.

"Lakini iwe na nguvu, Monsieur," Adolphine akaongeza. "Bale makumi ine ni bantu ya kushangaa. Usiweke bintu bidogo."

Hapo ndipo alipommaliza, maana majivuno ya mwandishi ni donda lisilofunikika. Zéphirin aliandika hati nzuri kuliko zote za maisha yake. Kwamba kiwanda kinakiri Kapinga Léonard aliumia akiwa kazini, kwenye mashine isiyo na kifuniko. Kwamba hatafukuzwa, bali atakuwa mlinzi wa lango, na nyumba yake na posho yake, kwa muda wote wa kandarasi mpya ya miaka sita. Kwamba atapewa fidia ya ajali kama dekreti ya serikali inavyosema. Kwamba mashine itafunikwa kwa waya wa chuma kabla mwezi haujaisha. Adolphine alikaa karibu yake, na kila alipoweka nukta alimsifu, na akisifiwa aliongeza kifungu.

Léonard akaitwa, akachovya dole gumba kwenye wino.

"Na kwa kiwanda?" Adolphine akauliza. "Tutamungojea Bwana Verlinden? Bale makumi ine banakuja kesho, kisha ya misa."

"Kumungojea ya nini?" Zéphirin akacheka. "Angalia hapa." Akatoa mfukoni ile hati yenye mihuri miwili, akamsomea: neno lake ni neno langu, sahihi yake ni sahihi yangu.

Adolphine akaigusa mihuri kwa ncha ya kidole. Kisha, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitenge asichokihitaji sana:

"Yésu wangu. Tungeipiga pini pamoya na ingine? Mihuri inapendeza."

Zéphirin akatia sahihi kwa niaba ya Bwana Verlinden, yenye mkia mrefu na nukta tatu, na akazipiga pini karatasi mbili kwa mkono wake mwenyewe, akamkabidhi Adolphine.

Jumapili baada ya misa alikuja uani amejipaka mafuta nywele. Wateja arobaini hawakuwapo. Hakuwapo hata Adolphine. Jirani akasema mama huyo amesema mambo yamesogezwa mpaka kesho saa tatu, si hapa, ni mjini, kwenye ofisi ya tatu nyuma ya posta, na Monsieur Zéphirin asikose. Zéphirin akaona ni heshima. Watu arobaini hawaenei uani.

Jumatatu saa tatu akaingia kwenye ofisi hiyo akiwa ametoa kofia, tayari kusalimia umati. Ndani kulikuwa na watu wanne. Léonard alisimama karibu na ukuta. Adolphine alikuwa na mfuko wa kushonea mapajani. Bwana Verlinden alikuwa kitini, mwekundu kama nyanya iliyoiva kupita kiasi. Na nyuma ya meza kulikuwa na Mzungu mwembamba mwenye ugonjwa ambao katika serikali ile ulikuwa nadra sana: alisoma karatasi zote mpaka mwisho. Huyo ndiye aliyekuwa mkaguzi wa kazi.

Miguu ya Zéphirin ilitaka kurudi nyuma. Askari wa mlango akaifunga njia kwa tabasamu.

"Bwana Verlinden," mkaguzi akasema kwa Kifaransa, akiinua zile karatasi mbili zilizopigwa pini, "muhuri huu ni wako?"

"Ni wangu, lakini..."

"Na mtu huyu ni mwakilishi wako?"

Bwana Verlinden akafungua mdomo. Zéphirin, ambaye shida za pande zote mbili alizijua kwa moyo, alimwona akihesabu. Akisema hapana, itabidi aeleze kwa nini alimpa tapeli muhuri wa kiwanda na magodoro matatu ili kumnyamazisha majeruhi, na kwa nini mashine haina kifuniko. Akisema ndiyo, amekubali kila kifungu. Sufi ikaanguka kutoka nyusi yake ya kushoto.

"Ni mwakilishi wangu," akasema, kama mtu anayemeza mfupa.

"Nakupongeza," mkaguzi akasema, na hakuwa anatania. "Miaka tisa niko koloni, sijaona mwajiri aliyetoa haya bila kusukumwa. Kifuniko cha mashine nitakuja kukiangalia Ijumaa."

Kisha akapanga mezani barua saba alizotoa Adolphine mfukoni. Upande mmoja za Maître Pirlot, upande wa pili majibu ya kiwanda. Wino ule ule wa zambarau. Mkono ule ule. Hata kosa la kuandika ni lile lile.

"Na wewe. Katika orodha ya mawakili wa mji huu hakuna Pirlot."

Zéphirin akamgeukia Adolphine. Hakuona hasira usoni mwake, wala ushindi. Alikuwa anachomoa uzi kwenye pindo la kitenge.

"Mama," akanong'ona, "ulijua tangu siku gani?"

"Tangu ndevu," Adolphine akajibu. "Avoka wa muzungu mwenye kupenda beusi, na hakuna padri mwenye kumusema mubaya?"

"Buku yako ya kazi iko wapi?" mkaguzi akauliza. "Bwana wako ni nani?"

Hapo Zéphirin akaona milango miwili. Mmoja ulikuwa wa jela, kwa kujifanya mtu wa wakili. Mwingine ulikuwa wa gari moshi, kwa kukaa mjini bila kazi. Na kwa kuwa miaka yote alikuwa hodari wa kutafuta mlango wa tatu, akautafuta.

"Mimi ni mfanyakazi wa Bwana Verlinden!" akasema kwa sauti. "Niliandika kama alivyoniagiza. Mwenyewe amekwisha kusema."

Mkaguzi akamtazama Bwana Verlinden. "Kama ni mfanyakazi wako, kandarasi yake iko wapi? Kumwajiri mtu bila kandarasi ni faini. Na kama si mfanyakazi wako, basi tuanze upya, kuanzia kwenye muhuri."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, Bwana Verlinden akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyekuwa akizama, na ghafla akakanyaga kichwa cha mwenziwe.

"Ni mfanyakazi wangu," akasema. "Nilichelewa tu kuandika. Tuandike sasa. Miaka mitatu. Kapinga amekwenda langoni, mashine ya sufi haina mtu."

"Bwana, mimi ni mtu wa kalamu..."

"Atazoea."

Mkaguzi, ambaye kesi ya Maître Pirlot ingemweka mezani mpaka Krismasi, akazirudisha barua saba kwa Adolphine na kuvuta fomu. Akamkumbusha Zéphirin ile sheria ambayo mwenyewe alikuwa amewatishia nayo wengi: mtu anayekimbia kandarasi hukamatwa. Zéphirin akatia sahihi. Haikuwa na mkia.

Ijumaa mashine ilipata kifuniko. Jumatatu iliyofuata, king'ora kilipolia, mashine ilipata pia mtu, na wafanyakazi kumi na watatu waliobaki walimpokea kwa adabu kubwa. Walimwita Maître. Walimwachia magunia mazito, wakisema wao hawasomi, wasije wakakosea. Magodoro matatu yalirudi kiwandani kwa mkokoteni, kwa maana Bwana Verlinden aliyakumbuka.

Baada ya wiki sita, Jumapili alasiri, Zéphirin akaenda uani kwa Kapinga. Alikuwa amekonda, na alikohoa kikohozi chepesi chenye unyoya. Akakuta watu wamekaa kwenye mistari ya vigoda mpaka nje ya ua: wapishi, walinzi, mayaya, dereva mmoja aliyeshika kofia yake mikononi, na kila mtu na karatasi yake. Adolphine alikuwa mlangoni, cherehani pembeni, akisoma moja moja. Wengine aliwaambia wamekosa wao, warudi wakaombe radhi. Wengine aliwaambia waende wenyewe kwa mkaguzi, na akawaonyesha mstari wa kumwonyesha kwa kidole. Hakuchukua kuku. Aliyetaka kushukuru alileta shati la kushona.

Zéphirin akapanga foleni nyuma ya mpishi. Ilipofika zamu yake, akatoa kandarasi yake, iliyokunjwa mara nne, akamwekea mapajani.

"Mama Adolphine, nisaidie. Uangalie kama kuko tundu ya kutokea."

Adolphine akaisoma. Aliisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma, akarudia kifungu cha nne kwa midomo bila sauti. Langoni mwa ua Léonard alipita amebeba maji, akamsalimia Zéphirin kwa mkono wake mzima, bila kinyongo, na hilo lilimchoma kuliko sufi.

"Ni kontra muzuri," Adolphine akasema mwisho, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile na kumrudishia. "Haina tundu. Ujifunge kitambaa ku mudomo ukiwa ku mashini, kikohozi kitapunguka."

"Njo hiyo tu?"

"Njo hiyo tu, Tata." Akachungulia nyuma yake. "Ule wa kufuata!"